Unapiga Selfi na Taa Iliyokufa, Nani Anasafiri Gizani?

Wasee, leo naongea na watu wangu wa kontenti za safari, na nyinyi pia mnaotutazama mkiwa kwa matatu. Nimechoka na video za minara ya taa iliyokufa.

Fomula ni ile ile. Droni inapaa juu ya ziwa la bluu. Piano inalia. Mtu amevaa koti refu, anagusa ukuta uliobomoka, anaangalia maji kama ameachwa juzi. Maandishi yanatokea: "Mahali ambapo muda ulisimama." Sekunde 40, imeisha, laiki zinamiminika. Hakuna mtu ameambiwa mnara ulijengwa na nani, ulimwakia nani, na ulizimwa kwa nini.

Msimamo wangu ni huu. Mnara wa taa ni ushahidi kwamba siku moja mtu mwenye uwezo aliamua walio majini usiku wanastahili kufika nyumbani. Ukiupiga picha bila kuuliza hayo maswali, umepiga picha ya risiti na hujasoma bei. Na sisi Wakenya ndio wa mwisho wenye ruhusa ya kufanya hivyo, kwa sababu tuko na ziwa ambalo watu bado wanakufa ndani yake usiku, na hatulioni.

Twende polepole.

Chukua ule wa Rubicon Point. Video zake zimenifikia mara tatu mwezi huu. Uko Ziwa Tahoe, kwenye mpaka wa California na Nevada, kule Marekani. Ziwa lenyewe liko ndani ya milima ya Sierra Nevada, uso wa maji uko kama mita 1,897 juu ya usawa wa bahari, na kina kinafika karibu mita 501. Ungezamisha KICC nne, moja juu ya nyingine, na bado usione paa.

Sasa usifikirie ule mnara mrefu mweupe wa katuni. Huu ni kibanda cha mbao. Kidogo. Kimekaa msituni juu ya mwamba, ndani ya mbuga ya jimbo inayoitwa D.L. Bliss, na ukikiona bila kuambiwa utadhani ni choo cha shimo cha ushago. Komenti zote ni hizo: watu wanacheka ati wamepanda mlima kwenda kuona choo. Lakini hakikuhitaji kuwa kirefu, mlima ulishawapa urefu. Unatajwa kuwa mnara wa taa uliojengwa juu zaidi kutoka usawa wa bahari Marekani nzima, na wenyewe ni mfupi kuliko matatu ya abiria 33 ukiisimamisha wima.

Kwa nini waliuweka? Mwanzoni mwa karne iliyopita, barabara ya kuzunguka lile ziwa ilikuwa haijakamilika. Barua, mizigo, watalii, vyote vilipita majini. Kulikuwa na meli ya mvuke, SS Tahoe, iliyozinduliwa 1896, ikizunguka ziwa na kuangusha abiria na barua gati baada ya gati. Pale Rubicon mwamba unashuka wima majini, si mahali pa kubahatisha usiku. Basi ikawekwa taa ya gesi ya asetilini, na mitungi ikabidi ifikishwe hadi huko juu. Taa yenyewe haikudumu. Baada ya miaka michache kazi ilihamishiwa sehemu nyingine ya ufuo ambako kuihudumia kulikuwa rahisi.

Halafu barabara ikakamilika. Magari yakaja. Meli ikakosa kazi. Mwaka 1940 SS Tahoe ilizamishwa makusudi na wenyewe, na mpaka leo imelala huko chini.

Shika hiyo sehemu vizuri kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Taa ya Rubicon iliachwa kwa sababu kazi yake ilihama, na baadaye kazi yenyewe ikaisha. Walioihitaji walishuka melini wakapanda gari. Ni kama mzee amestaafu, amelipwa pensheni, ameketi kwa baraza. Ukienda kumpiga picha hakuna ubaya. Hakuna mtu anayezama kwa sababu amelala.

Na kabla mtu aniambie naabudu wazungu, subiri. Jina la mbuga ile linatokana na Duane L. Bliss, tajiri wa mbao. Kampuni yake ilikata misitu ya kuzunguka ziwa ili kulisha migodi ya fedha ya Virginia City, Nevada. SS Tahoe ilikuwa ya familia hiyo hiyo. Wenye ziwa wa kwanza ni Washoe, na hata jina Tahoe limetokana na neno lao la "ziwa." Walisukumwa kando kwenye ardhi yao wenyewe. Kwa hivyo msinipe hadithi ya mnara wa kimahaba. Taa huwekwa pale pesa na barua za wenye nguvu zinapopita. Ni swali la siasa tangu siku ya kwanza: nani anahesabika akiwa majini?

Sasa rudi nyumbani na hilo swali.

Tuko na tabia ya kufikiria maziwa ya juu ni mambo ya Uswisi na theluji. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mlima mrefu kuliko yote huko Wales, Snowdon, una mita 1,085. Yaani mvuvi wa Mfangano akiketi ndani ya mtumbwi wake, amekaa juu kuliko mtu aliyesimama kwenye kilele cha Wales akipeperusha bendera. Na ukubwa wake ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Rwanda na Burundi zote mbili zinaingia humo na nafasi inabaki. Kenya tuna asilimia 6 tu ya hayo maji, lakini hiyo asilimia 6 imeguswa na kaunti tano: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori.

Watu wa Nairobi mnalijua hili ziwa kwa sahani. Samaki wa kukaanga, ugali, picha ya machweo pale Dunga. Niwaonyeshe upande wa usiku.

Mchana, nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji, kwa hivyo upepo unavuma kutoka ziwani kuja ufuoni. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unateremka kutoka pande zote za nyanda za juu kuelekea ziwani. Pepo hizo zinakutana juu ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, na dhoruba inazaliwa. Ndiyo maana dhoruba kali za hili ziwa zinapenda usiku. Najua kuna mtu ameanza kuandika ati wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza nini kuhusu hali ya hewa? Boss, upepo hauulizi cheti. Na mvuvi ambaye hajaona lango la chuo anaijua hii hesabu kwa mwili wake.

Sasa weka hilo pembeni na hili lingine. Omena huvuliwa usiku. Tena usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ndiyo taa ya mvuvi iwe na nguvu ya kuvuta samaki. Maana yake ni kwamba maelfu ya vijana wa rika letu wanaingia ziwani katika saa mbaya kabisa, siku za giza kabisa za mwezi, ili wewe upate omena ya mia pale Gikomba. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka kwenye ziwa hili, ukijumlisha nchi zote tatu. Na kumbuka ni makadirio. Yaani hata kuhesabiwa vizuri ukifa ni shida.

Ukisimama juu ya kilima Rusinga usiku wa omena utaona mataa mpaka mwisho wa macho. Tumeshazipiga hizo picha, tukaziita "mji unaoelea." Ni nzuri, sikatai. Lakini angalia vizuri hizo taa ni za nani. Ni taa za samaki. Mvuvi amezinunua mwenyewe, au tajiri wa boti amemkata kwa mapato, ili omena ione. Taa ya kumwambia huyo mvuvi jiwe liko wapi, ufuo uko wapi, mlango wa ghuba uko wapi, hiyo ndiyo nauliza iko wapi. Samaki amewashiwa taa na binadamu hajawashiwa.

Mwaka jana nilivuka usiku kwa boti ya abiria, kutoka kisiwa kimoja kuja bara. Nikamuuliza mzee aliyeshika injini anajuaje pa kuingilia. Akaniambia, "Kijana wangu, nafuata ile taa ya baa. Baa ikifunga, nafuata ya kanisa. Stima ikipotea, nazima injini nasikiliza mbwa." Watu wote ndani ya boti wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini ifikirie ukiwa umekauka, umeketi nyumbani. Usalama wa abiria ishirini na kitu unategemea baa haijafunga na mbwa hawajalala. Huo ndio mfumo wetu wa taa mwaka huu wa Bwana. Wale wa Tahoe walikuwa na gesi juu ya mwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote. Tuyapitie.

Wa kwanza ni wa "siku hizi kuna simu, kuna GPS." Sawa. Simu ya nani? Ile ya kitufe iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni isilowe? Chaji ya usiku mzima iko wapi? Bando iko wapi, na mtandao katikati ya maji uko wapi? Hata ukiwa na simu kali, ramani haitakuonyesha kisiwa cha gugu maji kilichosukumwa na upepo saa mbili zilizopita kikaziba mlango wa ufuo. Dhoruba ikianza, mikono yako miwili inatoa maji kwa boti. Huna mkono wa tatu wa kushika simu. Taa haikuombi kitu. Unainua kichwa tu.

Wa pili ni wa "serikali haina pesa." Hapa ndipo nakasirika. Mwaka 1912, Gustaf Dalén wa Sweden alipewa Nobel ya Fizikia kwa vifaa vya kujiendesha vya taa za gesi za minara na maboya. Kimoja cha vifaa vyake kilizima taa jua likichomoza na kuiwasha giza likiingia, bila mtu kukaa hapo. Mwaka huo huo alipofushwa na mlipuko akifanya majaribio ya gesi, na bado akaendelea na kazi. Hiyo ni teknolojia ya enzi za babu wa babu yako. Leo tuko na sola, betri na balbu za LED, na mvuvi wa omena anazinunua kwa pesa yake. Kama kijana wa Mbita anaweza kununua taa ya sola ya kuvutia samaki, mtu asiniambie kaunti imeshindwa na ya kuvutia watu nyumbani.

Na tena, pesa ya taa tunaijua iko. Kila soko lina mulika mwizi. Nguzo ndefu, taa kubwa, na siku ya kuzindua mheshimiwa analeta hema, viti na wapiga ngoma. Sina shida na mulika mwizi, mama mboga anauza hadi saa nne kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba sokoni kuna kura na kamera. Ziwani usiku hakuna kamera. Mulika mwizi moja ikielekezwa kwa gati haimalizi bajeti ya mtu.

Wa tatu ni mjanja kidogo, na namheshimu. Anasema ajali kubwa za hili ziwa hazikuletwa na giza. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia ya watu, na ilikuwa imejaza kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 wakafa, tena mchana, tena imejaza. Ni kweli kabisa, na mnara wa taa hauzuii mtu kujaza boti. Ndiyo maana sisemi taa peke yake ni dawa. Jaketi za kuokoa maisha, ukaguzi wa boti, utabiri wa hali ya hewa unaomfikia mvuvi kwa lugha yake kabla hajasukuma mtumbwi, vyote viko kwa orodha moja. Lakini angalia kitu kimoja. Hizo ajali mbili tunazijua kwa majina na tarehe kwa sababu meli zilikuwa na majina. Mtumbwi wa watu wanne uliopotea usiku wa giza hauna jina. Hauna tarehe ya kukumbukwa. Ni simu inapigwa kwa kamati ya ufuo, watu wanatafuta siku mbili tatu, halafu matanga. Hao wanne wanne ndio wanaojaza yale makadirio.

Wa nne ni wa "wewe ni mtu wa kontenti, siasa unaitakia nini?" Kaka, dada, siasa iko ndani ya ile picha yako tayari, umeikata tu na filta.

Na siasa yenyewe si ya kutupiana matusi, iko kwa maandishi. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Usafiri wa majini kwa maana ya kuongoza vyombo umewekwa kwa serikali ya kitaifa. Feri na bandari ndogo, ukiacha udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa, ni kazi ya kaunti. Taa za barabarani ni za kaunti. Unaona mchezo unavyochezwa? Ukiuliza kaunti, itasema majini ni Nairobi. Ukiuliza Nairobi, itasema gati ni kaunti. Katikati ya hayo majibu mawili ndipo mtumbwi unapita. Kwa hivyo ukiuliza, uliza wote wawili, siku moja, mbele ya watu, ili wakose mahali pa kurusha mpira.

Sasa nije kwetu, sisi wenye kamera.

Sisemi tusiende kwa mabaki. Nendeni. Vijana wa Mombasa kila jioni wako pale Mama Ngina, mahali panaitwa Light House, wanakula mihogo na madafu huku meli zikiingia bandarini. Ukiuliza kumi kati yao kwa nini panaitwa hivyo, wangapi watageuka kuangalia taa? Hiyo ndiyo shida ninayozungumzia. Tumefanya jina libaki na maana itoke.

Kwa hivyo sheria yangu kwa yeyote anayetengeneza video ya mnara, hata wa Tahoe, ni maswali matatu. Uliwashwa na nani? Ulimwakia nani? Walioutumia wameenda wapi? Kama jibu la swali la tatu ni "walipanda magari," basi weka piano yako, hayo ni makumbusho. Kama jibu ni "bado wako majini," hayo si makumbusho. Hayo ni malalamiko, na wewe umeyapiga picha ukayawekea muziki.

Na ukienda ziwani kwetu, fanya kazi kidogo. Vaa jaketi kwenye video, hata kama inaharibu mavazi yako, kwa sababu watoto wanaiga wanachoona. Tafuta BMU, ile kamati ya ufuo, uwaulize ni wapi watu huumia na saa ngapi. Piga hiyo sehemu picha usiku, bila filta, ikiwa nyeusi vile ilivyo. Skrini nyeusi na sauti ya injini, sekunde 40. Halafu taja ufuo, taja wadi, mtaje MCA na gavana, na useme tarehe ya kikao cha kukusanya maoni ya bajeti, kwa sababu hivyo vikao viko kisheria na kwa kawaida viti vinakuwa vitupu. Vijana wa ufuo wako ziwani au wamelala baada ya kuvua usiku kucha. Wewe uko macho, uko na bando, uko na wafuasi.

Tahoe wana kibanda cha mbao kinachofanana na choo, na wamekitunza zaidi ya miaka 80 baada ya meli kwisha. Sisi meli hazijaisha. Mitumbwi inasukumwa leo jioni, kesho jioni, na usiku wote wa giza wa mwezi ujao. Hatuwezi kuwa watu wa kusafiri kwa macho hadi California kusikitikia taa ambayo hakuna anayeihitaji, na tukashindwa kudai moja kwa gati ambalo mtu analitafuta usiku huu kwa kusikiliza mbwa.

Weka laiki ukitaka. Mimi nataka umtumie MCA wako.